Tarehe Iliyo Chini ya Mkataba

 

Ijumaa hii sitazungumzia moto wala kaburi. Nitazungumzia pikipiki, sola na majokofu. Ingawa mkinisikiliza hadi mwisho mtaona kaburi nalo limo.

Siku hizi ukienda Bariadi mjini unaambiwa: toa kianzio, chukua mzigo, kinachobaki utalipa kidogo kidogo kwa miezi sita, hakuna riba. Muislamu akisikia hakuna riba, moyo unatulia na anatia saini. Chini ya karatasi pana mstari ambao hakusomewa: tarehe ikipita, deni lililobaki litaongezwa kila mwezi mpaka liishe. Muuzaji hakudanganya. Alisema hakuna riba ndani ya miezi sita, wala hakuapa juu ya mwezi wa saba.

Watu wa Makka kabla ya Uislamu walikuwa na mtindo huo huo. Muda ulipofika, mdai alimfuata mdaiwa akamtaka achague: alipe, au aongezewe muda na deni nalo liongezeke. Riba hiyo ndiyo iliyopigwa vita katika Qur'ani. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha sita mjini Jeddah mwaka 1990, lilieleza kwamba kuuza kwa awamu kwa bei iliyo juu ya bei ya taslimu kunafaa, maadamu bei imekatwa na kukubaliwa mwanzoni. Kisichofaa ni sharti la kuongeza deni kwa sababu mtu amechelewa. Kwa hiyo jokofu la laki sita taslimu, ukiuziwa laki saba kwa awamu, hakuna tatizo. Lakini laki saba ikigeuka laki saba na nusu kwa kuwa tarehe imekukuta huna kitu, hapo pana tatizo kubwa. Ambaye hajasaini, akatae sharti hilo au atafute duka jingine. Ambaye ameshasaini, aombe msamaha kwa Mola wake na afanye kila njia amalize kabla ya tarehe.

Na tarehe zenyewe tunazikubali vibaya. Sisi wa hapa Lingeka, Simiyu, fedha yetu ina msimu. Pamba tunaipanda Novemba na Desemba, soko hufunguliwa kuanzia Mei hivi. Sasa mtu anasaini mkataba wa miezi sita mwezi wa Septemba, mfukoni zimebaki hela za mavuno. Hesabu mwenyewe: unaisha Machi. Machi mkulima ana nini? Pamba iko shambani, watoto wanataka madaftari, na ghala unalijua lilivyo. Muuzaji hakukulazimisha Machi. Ungemwomba Julai huenda angekubali, maana naye anajua pamba inalipwa lini.

Lakini tuseme mambo yameshaharibika kidogo, muda umebaki wiki nane na deni ni shilingi 240,000. Hiyo ni 30,000 kwa wiki. Kwa kijana wa bodaboda ni 5,000 kila siku kwa siku sita, akipumzika moja. Kaa na mkeo, tena usimfiche, mhesabu pamoja. Kama 30,000 ya wiki hii haipo, basi mmeshajua leo kwamba tarehe itawapita. Hiyo ni faida kubwa, kwa sababu wiki nane kabla bado unaweza kupeleka mbuzi mnadani na kumkataa mnunuzi anayekupunja. Ukisubiri siku mbili kabla, mnunuzi ataisoma shida usoni mwako na kutaja bei anayotaka.

Mchango wa harusi usubiri. Najua nimegusa pabaya. Tunatoa laki moja ili jina lisomwe ukumbini, huku mwenye duka anapigiwa simu haipokelewi. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba mwenye uwezo anayechelewesha deni anafanya dhuluma. Mwenye laki ya mchango ana uwezo.

Na tafadhali, usizime deni hili kwa kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Wanaokopesha kwa simu ndio wepesi zaidi, na ndio hatari zaidi: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Mtu anakimbia nyongeza ya dukani, anaangukia riba ya wiki, na namba za jamaa zake zote ziko mikononi mwa wasiomjua.

Nenda kwa mdai wako kabla ya siku. Nenda kwa miguu yako, na ulichonacho mkononi hata kikiwa kidogo, umweleze kilichobaki kitatoka wapi. Imepokewa kwamba achukuaye mali za watu akikusudia kulipa, Mungu humlipia, na achukuaye akikusudia kuziangamiza, Mungu humwangamiza. Sote tulikusudia kulipa siku ile tunabeba kitu dukani. Nia inapimwa mwezi wa mwisho, unapomwona mwenye duka anakuja na wewe unageuza pikipiki njia nyingine.

Tena ukiwa na uwezo wa kulipa mapema, muulize muuzaji kama atakupunguzia. Baraza lile lile, mwaka 1992, lilikubali mdai kupunguza deni kwa anayelipa kabla ya muda, mradi halikuwa sharti la tangu mwanzo. Wengi hatuombi, tunaona haya.

Wapo wanaosema mwenye duka si Muislamu, kwa hiyo deni lake si zito. Ndugu zangu, Mtume (S.A.W.) alinunua chakula kwa mkopo kwa Myahudi na akaweka rehani deraya yake ya chuma. Hakuona haya kukopa kwa jirani wa dini nyingine, na hakumwachia ahadi tupu. Hapa Simiyu sisi ni wachache, na majirani wanaijua dini yetu kwa jinsi tunavyolipa.

Sasa lile kaburi. Ililetwa maiti, Mtume (S.A.W.) akauliza kama ina deni. Akaambiwa dinari mbili. Akajizuia kuisalia mpaka sahaba wake Abu Qatada aliposimama na kusema deni hilo ni lake. Baadaye Mtume akamuuliza, dinari zile zimelipwa? Alipojibu kwamba amelipa, ndipo aliposema kuwa sasa ngozi ya marehemu imepoa. Dinari mbili tu. Ahadi ya Abu Qatada pekee haikutosha, fedha ilibidi ifike.

Kutolipa kunawaumiza na wasio na kosa. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023, na miongoni mwa sababu ni vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Ilirudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katikati hapo wapo waliokuwa waaminifu, nao wakafungiwa mlango.

Na wewe unayeuza, nawe ni mmoja wetu. Sura al-Baqara, aya ya 280, inakuamrisha kumpa nafasi mwenye dhiki mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora kwako. Hiyo ni kwa mwenye dhiki kweli. Aliye mjanja, mdai mbele ya mjumbe wa shina; ni haki yako. Lakini ule mstari wa nyongeza ufute katika karatasi zako, hata za wateja walioshasaini.

Mwenye mkataba ambao hakuuelewa, aje nao baada ya swala. Tutausoma pamoja pembeni bila mtu mwingine kusikia, na tutaanza na tarehe.