Deni la Mtafiti

Ndugu walimu, mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Queensland, nchini Australia, kilianzisha mashindano ambamo mwanafunzi wa shahada ya uzamivu hupewa dakika 3 kuueleza utafiti wake mbele ya watu wasio wa fani yake. Desturi hiyo imeenea katika nchi nyingi. Vijana husimama mmoja mmoja, wakaeleza jinsi kazi zao zitakavyoufanya ulimwengu uwe mwema zaidi. Twawapongeza. Hata hivyo, yafaa tujiulize: ni nani hasa anayestahili kuelezwa kwanza?

Wako wasemao kwamba kazi ya mtafiti ni kutafuta ukweli, na kuueleza ni kazi ya wengine. Hoja hiyo ina uzito, kwani ahadi ya haraka yaweza kuupotosha ukweli wenyewe. Lakini na tutazame mfano mmoja wa hapa kwetu.

Jean-Jacques Muyembe wa Kongo alipata shahada ya uzamivu katika elimu ya virusi huko Leuven, Ubelgiji, mwaka 1973, akarejea kwao. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, kulikozuka maradhi yasiyojulikana, akawatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu. Damu ya mgonjwa mmoja ilipelekwa Ubelgiji, na maradhi hayo yakaja kuitwa Ebola. Mwaka 1995, huko Kikwit, yeye na wenzake waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona, 7 wakaishi. Baadaye, kutokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit, ilitengenezwa dawa ya kingamwili. Ilijaribiwa katika mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2020.

Basi elimu hiyo ilitoka katika mishipa ya watu. Lakini mlipuko huo wa 2018 hadi 2020, ulioua watu zaidi ya 2,200, ulionyesha kwamba dawa na chanjo peke yake hazitoshi. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo vita vya miaka mingi na kutoiamini serikali. Lugha nayo ilikuwamo: matangazo ya Kifaransa, na hata ya Kiswahili sanifu, hayakueleweka vema kwa wengi waliozoea Kinande na Kiswahili cha huko.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi. Tumezoea kusahihisha, je, tumezoea kusikiliza? Aliyetolewa damu hakuomba shahada. Alistahili kuambiwa, kwa maneno ya nyumbani kwake, damu ile ilikwenda wapi na ilileta nini. Asipoambiwa, amefanywa kisima, ambacho huchotwa maji bila kuulizwa lolote.

Wahenga walisema, elimu bila amali ni kama nta bila asali. Kwa maoni yetu, amali ya kwanza ya mtafiti ni kurudi kwa waliompa elimu yake na kuwatolea hesabu. Nasi walimu tuwaandae watafiti wa kesho mapema: kila mwanafunzi amweleze bibi yake, kwa lugha ya nyumbani, jambo moja alilojifunza katika somo la sayansi, kisha arudi darasani na maswali aliyoulizwa. Dawa ya deni ni kulipa, na malipo haya yaweza kuanzia jikoni.