Saa ya Kamani na Saa ya Betri

Mtu anayekusudia kununua saa njema ya mkono, akiwa na fedha ya kununua moja tu na nia ya kukaa nayo miaka mingi, hana budi kuamua jambo moja kabla ya kutazama uso wa saa, rangi yake au ukanda wake. Jambo lenyewe ni kama saa hiyo itaendeshwa na kamani au na betri. Wauzaji wa saa za thamani aghalabu hawamwachi aamue peke yake. Humwambia kwamba saa ya kamani ina roho. Kwamba ndani yake mna moyo unaopiga. Na kwamba saa ya betri, hata iwe njema namna gani, ni chombo kikavu kiwafaacho wasiojua tofauti. Maneno haya husemwa kwa upole na hukubaliwa kwa wepesi. Yafaa yapimwe, maana ndani yake mna shauri zito kuliko biashara ya saa: mtu asemapo kwamba kitu hiki ni bora kuliko kile, husifu nini? Kazi kinayoifanya, au taabu iliyotumika kukifanya?

Kamani ni utepe wa chuma uliokunjwa. Ukikazwa hutaka kukunjuka, na nguvu ya kukunjuka huko hupita katika magurudumu yenye meno mpaka kwenye gurudumu la mizani, ambalo huenda na kurudi, huenda na kurudi. Katika saa nyingi za siku hizi gurudumu hilo hupiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani mara nane katika kila sekunde. Katika saa ya betri hapana gurudumu la mizani. Pana kipande kidogo cha kwatsi, jiwe angavu linalofanana na kioo. Mwaka 1880 Pierre Curie na ndugu yake Jacques walivumbua kwamba mawe ya namna hiyo yakibanwa hutoa umeme, na baadaye ikathibitika kwamba yakipewa umeme nayo hujinyonga kidogo. Kipande kilichomo katika saa ya mkono huchongwa mfano wa uma wenye meno mawili, na hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Hesabu hiyo hugawanywa kwa mbili mara kumi na tano, ikabaki moja, na moja hiyo ndiyo isukumayo akrabu hatua moja. Hapana uchawi katika mashine hii wala katika ile.

Tofauti ya usahihi wao si ndogo. Saa ya kamani hupewa hati ya heshima huko Uswisi ikiwa kwa wastani haikawii zaidi ya sekunde 4 wala haitangulii zaidi ya sekunde 6 kwa siku. Saa ya kawaida ya betri, isiyo na hati wala heshima, hupotoka kama sekunde 15 kwa mwezi. Basi ikiwa saa ni chombo cha kusema wakati, hukumu ingekuwa imekwisha hapa.

Wako watakaouliza, nani ahitajiye sekunde? Mtu si garimoshi. Swali hili lina haki yake, walakini lingalifaa kuulizwa pia juu ya saa za kamani zenye hati, ambazo wenyewe hujivunia sekunde hizo hizo. Juu ya hayo, lugha ya Kiswahili huita chombo na wakati kwa jina moja, kana kwamba saa isiyofuata saa imepoteza haki ya jina lake. Ni kweli kwamba majina ya saa ni mapatano. Msomaji wa Kiswahili analijua jambo hili kuliko wengi: akrabu fupi ikisimama penye 7 yeye husema ni saa moja, maana hesabu yake huanza macheo, na uso wa saa uliochorwa kwa desturi ya wengine humwambia neno jingine asilisikilize. Lakini akishakubali kwamba saa moja ni dakika 60, urefu wake hauko tena katika hiari ya chombo alichokivaa.

Waliojenga heshima ya saa ya kamani walilijua hili vizuri. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi zawadi ya hadi paundi 20,000 kwa atakayepata njia ya kujua merikebu iko umbali gani mashariki au magharibi katika bahari kuu. John Harrison, seremala aliyejigeuza fundi saa, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake katika kazi hiyo. Saa yake ya nne ilisafirishwa kwenda Jamaica mwishoni mwa mwaka 1761, na ilipopimwa huko Januari 1762 ilionekana kuwa, baada ya kutolewa hesabu ya mwendo wake uliojulikana, imekawia kama sekunde tano tu. Hapana aliyesema wakati ule kwamba saa ile ina roho. Ilisifiwa kwa sababu ilisema kweli, na nahodha aliyedanganywa na saa yake aliweza kupasua merikebu mwambani pamoja na wote waliokuwamo. Warithi wa Harrison kwa nia, kama si kwa ufundi, ni Warren Marrison na J. W. Horton, waliotengeneza saa ya kwanza ya kwatsi katika maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1927. Saa ile ilikuwa kubwa mno hata hapana aliyedhani kuna siku itavaliwa mkononi. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ilianza kuuza Tokyo saa ya mkono ya kwatsi iitwayo Astron. Bei yake ilikuwa yeni 450,000, karibu sawa na motokaa ndogo. Kwa hiyo saa ya betri haikuzaliwa kitu rahisi, urahisi uliifuata.

Urahisi ulipokuja ulileta msiba. Katika mabonde ya Jura huko Uswisi walikuwako watu waliojifunza tangu ujana kurekebisha waya wa chuma mwembamba kama unywele, na watoto wao walitazamia kurithi kazi hiyo. Mwaka 1970 biashara ya saa ya nchi ile ilikuwa na wafanya kazi wapatao 90,000; katikati ya miaka ya 1980 waliosalia walikuwa kama 30,000 na zaidi kidogo. Si kwatsi peke yake iliyowaangusha, kwani fedha ya Uswisi ilipanda thamani katika miaka hiyo na kufanya kila kitu chao kuwa ghali ng'ambo. Tena maabara moja ya Neuchâtel ilikuwa imetengeneza saa za mkono za kwatsi za majaribio tangu mwaka 1967. Adui, kama aitwe adui, alikwisha lala nyumbani mwao. Mwenye kununua saa ya kamani kwa kumhurumia fundi wa namna hiyo hutenda tendo jema, na hapana sababu ya kumcheka. Walakini huruma kwa fundi haigeuki kuwa sifa ya saa.

Hapa ndipo neno roho lilipoingia kwa nguvu. Zamani viwanda vya Uswisi vilishindana kwa usahihi mbele ya vituo vya kutazamia nyota vya Neuchâtel na Geneva, na kila kimoja kilitangaza ushindi wake. Usahihi uliposhindwa na jiwe, sifa ilihama. Kampuni ya Blancpain, iliyofufuliwa katika miaka ya 1980, ilijigamba katika matangazo yake kwamba haijapata kutengeneza saa ya kwatsi na kwamba haitatengeneza kamwe. Haya ni maneno ya biashara, na kwa biashara yalikuwa ya akili sana. Lakini mtu aliyeshindwa mbio akasema kwamba mbio si jambo la maana, wasikilizaji wake wana ruhusa ya kukumbuka alivyokuwa akisema kabla ya kushindwa.

Shauri gumu liko upande wa pili, na wapenzi wa saa ya betri hawapendi kulikabili. Ikiwa ukweli wa wakati ndio kipimo, saa ya plastiki ya bei ya chakula cha mchana hutosha. Kwa nini basi mtu atoe fedha nyingi kwa saa njema ya betri? Asemaye kwamba mwenye saa ya kamani hununua fahari, je, yeye hanunui fahari ile ile kwa jina la busara?

Jibu limo ndani ya saa yenyewe, nao mfano ulio wazi ni mashine ya betri ambayo Seiko ilianza kuitia katika saa zake za Grand Seiko mwaka 1993. Hiyo huunganishwa kwa mikono ya mafundi huko Shiojiri, mkoa wa Nagano. Vipande vyake vya kwatsi huzeeshwa miezi mitatu kabla ya kuchaguliwa, kwa sababu jiwe changa hubadili mwendo wake. Kwa kuwa joto na baridi hulipotosha jiwe, saa hupima joto lake mara 540 kila siku na kusahihisha hesabu. Akrabu zake ni ndefu na nzito kuliko za saa nyingi za betri, kwa hiyo mota yake hupewa misukumo miwili kwa kila sekunde badala ya mmoja. Tena imo springi ndogo ya kuuzuia mshale wa sekunde usitikisike unapotua, ili uangukie juu ya alama yake sawasawa. Upotofu wa saa hiyo ni sekunde 10 kwa mwaka.

Mambo haya yote hufanyika chini ya kifuniko cha chuma. Mwenye saa ya kamani ya thamani mara nyingi hupewa mgongo wa kioo apate kuona magurudumu yakizunguka, na rafiki zake wakayaona. Taabu aliyoinunua huonyeshwa. Mwenye saa njema ya betri hununua taabu iliyofichwa. Mtazamaji barabarani humwona amevaa saa ya betri tu, na yamkini humdharau. Jiwe lililongojewa miezi mitatu haliwezi kuonekana na mtu, wala hapana mgeni atakayeketi mwaka mzima kuhesabu sekunde 10. Ikiwa neno roho lina maana yoyote katika kazi ya mikono, basi angalau moja ya maana zake ni uangalifu unaoendelea mahali ambapo hapana wa kuusifu, na kwa maana hiyo mashine ya Shiojiri haikupungukiwa na kitu.

Hoja moja ya saa ya kamani hubaki imesimama hata baada ya hayo. Gurudumu likivunjika, fundi hodari aweza kuchonga jingine, leo au baada ya miaka 100. Kipande cha umeme kikifa na kiwanda kikaacha kukitengeneza, hapana fundi atakayekichonga kwa tupa. Anayetaka kuwaachia wajukuu wake saa ana sababu ya haki ya kuchagua kamani, ila ajue kwamba saa hiyo hairithiwi peke yake. Hurithiwa pamoja na deni la fundi, kwani isipofunguliwa, ikasafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka kadha, hujila yenyewe polepole. Na anayeipenda kamani kwa kuipenda tu hadaiwi maelezo na mtu. Apendaye jahazi hapati dhambi, maadam haambii watu kwamba jahazi lake huwahi kuliko mashua ya injini.

Kwa mnunuzi aliyesimama dukani na kuielekea saa ya betri, yako maswali yenye faida kuliko lile la roho. Je, mashine yake ni ya chuma na hufunguliwa kwa skurubu, au ni plastiki iliyobanwa isifunguke? Je, mwendo wake waweza kusahihishwa ukipotoka? Kiwanda huweka vipuri kwa miaka mingapi baada ya kuacha kuitengeneza? Betri ikibadilishwa, nani atakagua mpira uzuiao maji, na kwa bei gani? Wauzaji hawaulizwi maswali haya mara nyingi, na baadhi yao itawalazimu kuingia chumba cha nyuma kumwuliza fundi.