Neno Hili ni la Nani?



Katika sharika zetu wako wengi walio watumishi wa umma: walimu wa shule, wauguzi, makarani wa mahakama, askari polisi, watendaji wa vijiji na wa kata. Karibu wote wana simu, na kila siku hutuma maneno na picha katika WhatsApp na Facebook. Baadhi yao wametuuliza: "Nirudipo nyumbani jioni, na simu ni mali yangu niliyoinunua kwa mshahara wangu, je, si huru kuandika nipendavyo?" Swali hili ni jema. Lahusu sheria, na zaidi lahusu dhamiri. Basi twataka kulitafakari pamoja nanyi.

Kwanza tueleze jambo lililotokea karibu nasi. Muuguzi mmoja, mwanamke mwenye bidii, alishinda peke yake zahanatini siku nzima. Jioni alipiga picha ya ukurasa wa daftari la wagonjwa, akaituma katika kundi la kwaya, ili wenzake waone wingi wa kazi yake na kumwombea. Hakukusudia ubaya. Lakini majina yalisomeka, na mbele ya kila jina ugonjwa wake. Mojawapo lilikuwa jina la binti mwimbaji wa kwaya ile ile. Muuguzi aliifuta picha kabla ya saa moja kupita, ila maji yakimwagika hayazoleki. Nasi tunaoandika haya tulikuwamo katika kundi lile. Tuliikuza picha kwa vidole, tukasoma majina, ndipo tukaona haya. Kwa hiyo hatuandiki kama mahakimu, bali kama watu waliokosa pamoja naye.

Wazee wetu husema kwamba aijuaye siri ya mtungi ni kata. Mtumishi wa umma ndiye kata. Huingia mahali ambapo wengine hawaingii: muuguzi katika ugonjwa wa jirani, mwalimu katika udhaifu wa mtoto, karani katika ugomvi wa ndugu juu ya shamba. Ni kazi iliyomfungulia mlango. Basi alichokiona humo si mali yake. Simu ni yake, na saa za jioni ni zake. Lakini jina lile la daftarini ni la mgonjwa. Kijana aliyekabidhiwa ufunguo wa duka hawi mwenye bidhaa kwa sababu hiyo.

Sheria za nchi yetu zasema vivyo hivyo. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 18, yampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni. Na ibara ya 16 yalinda faragha ya mtu na ya nyumba yake. Ibara hizi mbili zakaa karibu, wala moja haikuwekwa ili kuivunja nyingine. Kanuni za maadili ya utumishi wa umma zataja, pamoja na uadilifu na kutoa huduma bila upendeleo, matumizi sahihi ya taarifa. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yahesabu habari za afya ya mtu kuwa miongoni mwa zile nyeti.

Lakini Mkristo asiyemdhuru jirani kwa kuogopa faini tu hajafika mbali. Na tufungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5. Humo twaona watumishi wawili. Wa kwanza ni yule kijakazi wa Israeli aliyetekwa, akamtumikia mke wa Naamani. Kwa kuwa alikuwamo nyumbani, aliujua ukoma wa bwana wake. Je, aliinyamazia habari ile? La. Je, alikwenda kisimani kuwatangazia wanawake wa Shamu? Hatusomi hivyo. Alimwambia bibi yake, mtu aliyeweza kulipeleka neno lile mahali pa uponyaji. Na bwana wake akaponywa.

Wa pili ni Gehazi, mtumishi wa Elisha. Huyu alimkimbilia Naamani, akaomba fedha na mavazi kwa jina la bwana wake, ambaye hakumtuma. Alilichukua jina la utumishi akalifanyia biashara yake. Leo nasi twaona mtu avaaye sare za kazi katika picha, akiuza dawa zake mwenyewe kwa heshima ya sare hizo; au mtendaji aandikaye chini ya cheo chake maneno ya kushabikia chama au kulitukana kabila fulani. Mwananchi asomaye hudhani ofisi imesema. Kesho ataingiaje mlango wa ofisi ile akitumaini kuhudumiwa sawa na wengine?

Kwa hiyo twaona maswali matatu yampasayo mtumishi kabla ya kugusa simu. Neno hili ni la nani? Nalisema kwa jina la nani? Na nalisema kwa nani?

Hapa wengine watasema: "Mchungaji, maswali haya ni kamba ya kutufunga vinywa. Dawa zikiibwa, tukae kimya?" Hasha! Kijakazi yule hakukaa kimya. Martin Luther, alipoeleza amri ya nane katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alifundisha kwamba ajuaye kosa la siri la mwenzake asilichukue njiani kwa watu wote, bali amwendee mwenyewe, au awaambie wenye mamlaka ya kulihukumu. Na kosa lililo wazi mbele ya wote laweza kukemewa wazi. Wizi wa dawa una mahali pa kupelekwa: kwa mkubwa wa kazi, au kwa TAKUKURU ikiwa mkubwa mwenyewe ameshiriki. Tena iko Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Anayenyamaza ili alinde mshahara wake asijiite mwaminifu kwa siri.

Wala mtumishi hakuacha kuwa raia. Jambo hili halikuanza na simu. Katika Marekani mwalimu mmoja, Marvin Pickering wa Illinois, aliliandikia gazeti barua ya kuilaumu bodi ya shule kwa namna ilivyotumia fedha, akafukuzwa kazi. Mwaka 1968 Mahakama Kuu ya nchi ile ilimpa haki. Tuangalie alichokisema: alinena habari za fedha za wote, mbele ya wote. Hakutoa siri ya mwanafunzi hata mmoja. Neno lile lilikuwa la umma, naye alikuwa mmoja wa umma.

Twajua kwamba mtu akichoka, maswali matatu ni mengi, na kidole ni chepesi. Yakobo katika sura ya 3 ya waraka wake aliufananisha ulimi na moto mdogo uwashao msitu mkubwa. Hata wenye WhatsApp waliona moto huo: mwaka 2019 waliweka mpaka, mtu asipeleke mbele ujumbe mmoja kwa zaidi ya makundi au watu 5 kwa mara moja. Lakini 5 wakipeleka kwa 5, ni 25. Nao wakipeleka, ni 125. Mpaka wa kweli ni ule uliomo moyoni mwa mtu wa kwanza.

Na wa pili pia, maana msomaji naye ana sehemu yake. Picha ya namna ile ikikufikia, usiikuze, usiipeleke mbele. Ifute, kisha umpigie aliyetuma umwonye kwa upole, faraghani. Sisi hatukufanya hivyo siku ile. Wainjilisti, mfundishapo amri ya nane, wafundisheni vijana na jambo hili.

Muuguzi alikwenda kwa wazazi wa binti kuomba radhi, nasi tukafuatana naye tukaomba radhi yetu. Walitusamehe, wakatupa chai. Binti alikuwa chumba cha pili, hakutoka. Hata leo hajarudi kwayani. Ndugu, tumwombee, na Bwana ailinde milango ya vinywa vyetu na ya simu zetu. Amina.