Je, Neno "Nakubali" ni Idhini? Masala ya Simu na Siri za Watu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Ajuaye ya siri na ya dhahiri. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wa Kilwa na Lindi, jueni ya kuwa katika zama zetu kumezuka masala ambayo wazee wetu hawakuiona sura yake, lakini asili yake waliijua. Mtu mwenye haja ya fedha hutia katika simu yake programu ya mikopo. Huletewa maneno mengi asiyoyasoma, na chini yake neno moja: "Nakubali". Akiligusa kwa kidole, mwenye programu huweza kuyachukua majina na nambari zote zilizomo simuni. Siku ya deni ikipita, ujumbe hupelekwa kwa mkwewe, na kwa imamu wa msikiti wake, na kwa mshitiri wake wa samaki, kwamba fulani ni mdaiwa asiyelipa. Je, aliyegusa ametoa idhini? Na kama ametoa, idhini hiyo yafaa?

Sharia imeweka mlango mbele ya siri. Sura An-Nur, aya ya 27, yatukataza kuingia nyumba zisizo zetu illa baada ya kutaka ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Sura Al-Hujurat, aya ya 12, yakataza kupelelezana. Nasi watu wa Pwani tumeyajenga mafundisho haya kwa mawe na chokaa: mgeni hupiga hodi, akakaribishwa barazani, na aliyekaribishwa barazani hakukaribishwa ndani. Idhini ina mpaka wake. Basi twasema neno lile halitoshi, kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni ujinga wa kinachotolewa. Fukahaa wetu hawasahihishi kuuza kitu kisichojulikana, na aliyegusa hajui ametoa nini, wala kitakwenda wapi. Ya pili, nayo ni nzito zaidi, ni kwamba ametoa kisichokuwa chake. Jina la mkwewe ni la mkwewe. Katika kauli iliyotegemewa ya madhehebu ya Imamu Shafi, mwenye kuuza mali ya mtu pasi na idhini yake, uuzaji wake ni batili. Ikiwa hivyo ndivyo katika mbuzi na kikapu, itakuwaje katika heshima ya mtu? Ya tatu ni amana. Aliyewekewa amana akaitumia kwa manufaa yake bila ya ruhusa huwa dhamini. Na mwenye kuichukua nambari ili aitumie kutia watu aibu ameichukua kwa khiana tangu mwanzo.

Ukisema: mdaiwa mwenye uwezo akichelewesha, hadithi imehalalisha kusemwa kwake. Tutajibu: ni kweli, lakini hiyo ni kwa mwenye uwezo, na wanavyuoni wamelifasiri neno hilo kuwa ni kumshitaki na kusema amenichelewesha haki yangu. Ama mwenye dhiki, Sura Al-Baqara, aya ya 280, imemwamrishia muhula. Na mkwe wa mtu si kadhi. Tena aghlabu ya mikopo hiyo ina riba, na mwenye kudai riba hana haki ya kuilia.

Ukisema: asiyetaka na aache. Tutajibu: lau kungekuwa na mashua moja tu ya kuvusha watu baina ya Kilwa Masoko na Kisiwani, na mwenyewe akashurutisha kila abiria afunguliwe kifurushi chake, je, ungesema abiria ameridhika? Kampuni ya Meta, yenye Facebook, ilinunua Instagram mwaka 2012, na WhatsApp mwaka 2014. Leo mtu wa Lindi akitaka kusema na mwanawe aliyeko Maskati, aghlabu hupanda mashua hiyo hiyo. Maimamu wetu wameihusisha hukumu ya ihtikari na vyakula, wala hatuipanui bila ya ilmu. Lakini sababu yake ni kuwadhuru watu katika haja zao, na dhara hiyo hapa yaonekana.

Kwa hiyo haifai kumwachia mnyonge peke yake apigane na mwenye mashua. Ni wajibu wa dola kuingia kati. Mwezi wa Mei 2023 wasimamizi wa Ireland waliitoza Meta faini ya yuro bilioni 1.2 kwa kupeleka Marekani taarifa za watu wa Ulaya kinyume cha sheria. Nchini kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikaunda Tume ya kuisimamia. Na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi pasi na leseni. Haya ni mambo ya kushukuriwa.

Lakini mlinzi wa mlango naye asiufanye mlango kuwa wake. Serikali nayo imechukua alama za vidole vyetu katika kusajili laini za simu, na wasiosajili walianza kufungiwa mwezi wa Januari 2020. Imamu Al-Mawardi, mwanachuoni wa madhehebu yetu aliyefariki mwaka 450 wa Hijra, ameandika kuwa muhtasib hana ruhusa ya kuyapeleleza yaliyofichika, illa ikikhofiwa dhara isiyorudishika, kama mtu kuelezwa na mwaminifu kuwa fulani amejitenga na mwenziwe ili amuue. Kipimo hiki kimewekewa mwenye madaraka, kama mlango ulivyowekewa mwenye biashara.

Nanyi, ndugu zangu, msingoje dola katika lililo mikononi mwenu. Simu yako ni baraza ya watu wengi walioketi kwa kukuamini. Kabla ya kugusa neno lile, tazama ni nani uliyemketisha humo, kisha jiulize kama amekupa ruhusa ya kumtoa. Na atakayeletewa ujumbe wa kumfedhehesha nduguye, asiusambaze. Aufiche, na akiweza amsaidie kulipa.

Mwenyezi Mungu atusitiri aibu zetu, na atujaalie wenye kusitiri aibu za wenzetu. Amin. Wallahu aalam.