Anzia Mtoni, Mjukuu Wangu

Umeniambia unataka kuijua Nairobi, na kwamba utaanzia stesheni ya reli. Usianzie huko. Ukianzia stesheni utasadiki ile hadithi kwamba hapa palikuwa na matope matupu mpaka reli ilipofika mwaka 1899. Anzia mtoni. Najua mto unanuka. Simama hivyo hivyo. Jina la jiji hili ni la Kimaasai, Enkare Nairobi, maji baridi, na mahali pasipo na watu hapapewi jina. Wamaasai walinywesha ng'ombe hapa, na kule upande wa Kiambu Wakikuyu walikuwa wakilima. Mwaka 1904, na tena 1911, mikataba na Waingereza iliwahamisha Wamaasai kutoka kwenye malisho yao mengi. Malisho yalikwenda, majina yakabaki: Ngong, Embakasi.

Nenda kwa miguu. Matatu itakushusha unakokwenda, nami nataka ujue unakopita.

Ukivuka mto, pita Kariokor. Wengi hununua makubadhi pale, wakala nyama, wasiulize jina limetoka wapi. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, likageuzwa na ndimi za watu wetu. Vijana walichukuliwa vijijini wakabebeshwa risasi na unga hadi Tanganyika. Makumi ya maelfu hawakurudi, na maradhi na njaa viliwaua wengi kuliko bunduki. Hilo likae moyoni, kisha upande mpaka Kenyatta Avenue, kwenye sanamu ya mwaka 1928. Utaona watu watatu wa shaba. Mtafute mpagazi. Mimi nilipita pale miaka mingi nikiwahi kazini, sikuwahi kusimama, na hilo linaniuma mpaka leo, maana babu yangu alikuwa mmoja wa wapagazi wale.

Fuata barabara hiyo hiyo mpaka kona ya Loita Street. Loita nao ni Wamaasai. Jengo la mawe lenye mnara hapo linaitwa Kipande House. Kipande kilikuwa cheti cha kazi, ndani ya kikasha cha chuma, kikining'inia shingoni mwa mwanamume Mwafrika kama kengele ya mbuzi. Bila hicho, ulikamatwa. Uguse ukuta wake wa mawe, usiogope kuonekana mshamba.

Kutoka hapo panda mpaka Harry Thuku Road. Thuku alipinga kipande na kodi, akakamatwa Machi 1922. Watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi wakidai aachiliwe. Wanaume walipoanza kusitasita, mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, alipandisha nguo yake akawaambia wampe suruali zao, avae yeye. Risasi zikalia, naye akafa pale pale pamoja na wenzake. Barabara ina jina la Thuku. Ukifika, litaje la Muthoni kwa sauti, hata kama uko peke yako.

Na njiani usipige picha tu. Msalimie fundi viatu, mwamkie mama muuza ndizi, uliza mtaa uliitwaje zamani. Mzee mmoja atakuambia Kimathi Street ilikuwa Hardinge Street, kisha atakuambia alikuwa wapi siku jina lilipobadilika. Ukae umsikilize mpaka amalize. Jioni uje kwangu, chai itakuwa jikoni, unieleze alichosema.