Ua la Bwawani

Mwalimu mmoja mstaafu, karibu na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, alikuwa na bwawa la samaki la mita za mraba 300, kipimo kile kile cha mabwawa ambayo serikali ya Kenya iliwachimbia wakulima kuanzia mwaka 2009. Maji aliyachepusha kutoka kijito kinachoingia Mto Malaba, na tilapia walinawiri. Kilichomkera ni mafunjo yaliyojiotea pale maji yanapoingilia, marefu kumpita mtu mara mbili. Wageni wakija wataona kichaka, alisema, akayafyeka. Kisha mpwa wake, mchuuzi wa omena, akamletea kutoka Port Victoria gunia la mimea inayoelea: majani mazito yanayong'aa, vikonyo vilivyovimba hewa, maua ya zambarau.

Jirani yake, mama msusi wa mikeka, alipita akasimama.

“Mwalimu, hili si lile gugu la ziwani?”

“Haya ni maua, Mama. Hebu yatazame.”

Mama akanyamaza. Vijijini kwetu mwalimu habishiwi, hata akiwa amestaafu.

Gugu maji asili yake ni Amazon, na limezungushwa duniani kwa sababu hiyo hiyo ya Mwalimu: linapendeza kwenye vidimbwi vya bustani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limeshaonekana katika maziwa ya Kyoga na Viktoria. Muongo uliofuata likaziba Ghuba ya Winam, meli zikashindwa kutia nanga Kisumu, mpaka wakaletwa fukusi wa kulila. Likapungua, na baada ya mvua kubwa za 2006 likarudi.

Bwawa la samaki ndilo hasa linalolifaa. Mwalimu alikuwa akitia samadi ya kuku ili maji yawe ya kijani, samaki wapate chakula, na kwenye maji ya namna hiyo gugu laweza kuongezeka maradufu kwa majuma mawili hivi. Kabla ya muhula wa shule kwisha, maji yalikuwa hayaonekani. Jua halikupenya, ukijani ule unaotoa hewa ndani ya maji ukafa, na majani yaliyooza chini yakala hewa iliyobaki. Alfajiri moja akawakuta tilapia wamejipanga kwenye kijipenyo kimoja kilichobaki wazi, midomo juu, wakitweta. Jua lilipotoka wengi walikuwa wamegeuka matumbo.

Akaita vijana, reki na wilbaro. Gugu lote likatolewa kwa siku moja, likamwagwa kijitoni.

Kosa kubwa lilikuwa hapo, wala si kwenye kupanda. Bwawa lililokufa ni hasara ya mtu mmoja. Kijito kina wenyewe wengi. Pale Malaba malori hupanga foleni ndefu yakisubiri karatasi, na maofisa wa KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, hukagua miche na mbegu zinazovuka. Mto nao unavuka usiku na mchana bila kuulizwa, unaingia Uganda, unakutana na Mto Mpologoma na kuelekea Kyoga. Mvua ya kwanza ilipopiga, gugu likakwama kwenye mafunjo ya yule mama, pale anapokata vya kusukia. Alifika kwa Mwalimu na kishada kimoja mkononi, akakiweka mezani kando ya chai, na hakusema neno.

Baadaye Mama ndiye aliyempa Mwalimu mzizi wa mafunjo wa kuanzia upya. Mwalimu, mwepesi kama kawaida, akauchomeka kwenye ukuta wa bwawa. Mafunjo ni ya kwetu, lakini hayana adabu ya bustani. Mzizi wake ni mnene, hutambaa kwa ubavu, na haukutengenezewa kuta za udongo. Msimu wa pili ukuta ukaanza kuvuja.

Mama akamwonyesha namna ya kuyapanda. Chukua kipande cha mzizi chenye chipukizi, kutoka pembezoni mwa kinamasi, usivamie katikati. Kipande kiwe kimoja au viwili, si gunia. Kitie kwenye karai kuukuu lenye udongo wa mfinyanzi, kisha zamisha karai pale penye kina kifupi, maji yafunike udongo kidogo tu. Mizizi ikijaa, toa karai, gawa, rudisha. Mabua yaliyokomaa kata chini kabisa. Ukiyakata katikati, kishina kitaozea majini. Mafunjo yakiwa pale maji yanapoingilia, mizizi yake huzuia tope na kunyonya mbolea inayoteremka kutoka mashamba ya juu. Mama huchukua mabua, Mwalimu hupata mkeka mara moja moja, na hilo nadhani ni biashara nzuri kuliko tilapia wake.

Gugu linalong'olewa sasa huanikwa sehemu ya juu ya shamba, mbali na maji, hadi likauke kabisa. Ila mbegu zake hukaa hai kwenye tope kwa miaka mingi, kumi na zaidi. Kila mvua za Machi zikianza, Mwalimu huvaa gambuti na kuteremka na ndoo kuchuma miche midogo ya kijani, kwanza kwake, kisha kwa Mama.