Twaipenda Miguu, Twamsahau Mtu

Garrincha wa Brazili alizaliwa mwaka 1933 huko Pau Grande, mji mdogo wa kiwanda cha nguo, naye miguu yake ilikuwa imepinda. Lakini kwa miguu hiyo Mungu alimjalia ustadi wa ajabu. Alitwaa Kombe la Dunia mwaka 1958 kule Uswidi. Na mwaka 1962 kule Chile, Pelé alipoumia mapema, yeye ndiye aliyeibeba timu hata ushindi. Wakamwita Furaha ya Watu.

Yule ambaye mabeki walishindwa kumzuia, pombe ilimwangusha. Alifariki Rio de Janeiro tarehe 20 Januari 1983, mwenye umri wa miaka 49, katika umaskini. Maiti yake ikalazwa uwanjani Maracanã, na maelfu wakaja kumlilia. Je, wangapi kati yao waliwahi kubisha mlangoni pake siku za ulevi na upweke?

Tusimhukumu marehemu, hukumu ni ya Mungu. Tujipime sisi washangiliaji. Mtakatifu Paulo aliwakumbusha Wakorinto kwamba mwanamichezo hujinyima mengi kwa ajili ya taji linyaukalo. Basi, enyi wazazi, mwana wenu akifunga mabao, mpongezeni. Lakini mwulizeni pia anakunywa nini, na pamoja na nani. Akishindwa, mpokeeni kama siku ya ushindi. Kijana ajuaye kwamba apendwa hata asipocheza, huyo ana ngome isiyobomoka makofi yanyamazapo.